Feuille ya Homa ya Mashini

Tonton yangu, mujomba mwenye ninakaa kwake, alifanyaka kazi ya infirmier ku hôpital karibu maisha yake yote, na uchovu yangu ilitokea pale. Mutu mwenye ameshika batu paji ya uso miaka yote ile hawezi kuona namba yenye iko na kale kaviringo ka degré juu yake, kisha abaki mutulivu. Kwake, duniani kuko température moja tu ya muzuri: trente-sept, makumi tatu na saba. Chini ya pale, mugonjwa amepoteza damu. Juu ya pale, unatafuta dawa.

Mais miye sikukuwa natumika na bagonjwa. Nilikuwa natumika na mashini.

Secrétariat yetu iko mu parcelle ya tonton, chumba moja ya tôle, ya mabati, yenye mulango inaangalia barabara. Tunaandikia batu barua, demande ya kazi, invitation ya ndoa, programme ya matanga, na zaidi ya yote TFC, ile travail yenye ba étudiants banaandikaka ku mwisho ya mwaka ya tatu. Banakuja na makaratasi ya mukono, miye napiga ku mashini. Nilimaliza secondaire, diplôme ninayo, université bado. Hiyo "bado" iko na miaka mbili sasa. Mashini yenyewe ni kompyuta, tour ya zamani, ilikuwaka nyeupe, sasa iko rangi ya meno ya muvuta tumbaku. Écran yake iko na tumbo kwa nyuma. Ukiiwasha inalia kama pikipiki yenye haina huile.

Kosa ya kwanza nilifanya miye mwenyewe. Nilisikia ventilateur, feni ya ndani, inalia vibaya, nikatia mu mashini kaprograme kadogo kenye kuonyesha température mu kona ya écran. Nilifikiri itanisaidia miye peke yangu. Asubui tonton aliingia na kikombe yake ya chai, akainama.

"Hiyo namba ni ya nini?"

"Ni température ya processeur, tonton. Ubongo yake, tuseme."

"Cinquante-huit? Makumi tano na munane?"

"Ndiyo."

Alivua lunettes, akafuta, akarudisha. Namba ilikuwa bado pale.

"Ma fille, mutu mwenye kufika quarante-deux, makumi ine na mbili, tunaita famille."

Nilimufasiria. Nilifasiria muzuri, na uvumilivu, kitu yenye sifanyake kila siku. Nikasema mashini ya zamani kama hii, ikikaa bila kazi, iko mu quarante, quarante-cinq, na kwetu humu chini ya tôle tunaongeza kidogo. Ikitumika, inapanda soixante, makumi sita, hata soixante-dix, makumi saba, na haiko ugonjwa, iko kazi tu, kama mutu anatoka ku mutoni na bidon ya maji ku kichwa: anatoka jasho, lakini hagonjwi. Quatre-vingts, makumi munane, hapo unaanza kuangalia. Na karibu na quatre-vingt-dix, makumi kenda, yenyewe inajizima, bila kuuliza mutu, juu isiungue.

Tonton alisikiliza yote. Kisha akatia mugongo ya mukono ku ubavu ya mashini, vile banafanyiaka mutoto.

"Iko inachoma. Zima."

"Tonton, niko katikati ya page."

"Maliza phrase, uzime."

Kesho yake alileta feuille ya température, karatasi ile yenye carreaux, sawa na zenye kufungwa ku miguu ya kitanda ku hôpital. Aliichora mwenyewe na règle. Aliifunga na kamba ku écran. Saa kumi na mbili ya asubui, saa ine, midi, saa kumi: kila mara napashwa kutia point na bic ya bleu, na kuunganisha point na point. Kuhusu trente-sept, tulibishana siku tatu. Ku mwisho akakubali cinquante, makumi tano. "Ninakuongezea," akasema, "juu haina damu." Ikipita cinquante, tunazima robo saa.

Mashini yetu inapita cinquante mbele hata ya kumaliza kuwaka muzuri. Donc nilikuwa napiga page moja, nazima, nakaa. Napiga, nazima, nakaa. Batu banakaa ku banc bananiangalia nikikaa. Étudiant mumoja aliniuliza, "Dada, mashini yenu iko na mimba? Kila saa inalala." Nilimuambia aandike na mukono kama ana haraka. Lakini miye njo nilikuwa na haraka. Niko na haraka tangu nilizaliwa, na sijue kwa nini Mungu alinitia mu nyumba ya mutu mwenye kungojea.

Miezi mbili ilipita hivi. Sikuchukia tonton. Nilichoka naye tu, vile unachokaka na kiatu yenye inakubana lakini njo hiyo moja unayo.

Alafu yaya yangu akaleta TFC yake.

Yaya ni mukubwa yangu, mutoto ya mama moja na baba moja. Travail yake inaongea samaki: namna inaozaka kati ya muto na soko, na saa ngapi inachukua. Alihesabu, alinusa, alijaza ma tableaux. Mwaka yenye ilipita alikosa dépôt, siku ya kupeleka travail ku faculté, juu alikuwa na mimba ya mwezi ya mwisho na miguu ilivimba. Mwaka hii dépôt ilikuwa vendredi, siku ya tano, midi juste, exemplaire tatu zenye kufungwa muzuri. Bwana yake anafanya biashara Bafwasende, na famille ya bwana ilisema wazi: kama mwaka hii tena ni bure, bibi afungashe, aende kule kwa bwana yake, masomo ikwishe. Yaya aliniambia hii akiwa anamenya ndizi, bila kuinua kichwa, na akaongeza, "Basi unielewe." Nilielewa.

Directeur yake, professeur mwenye kumuongoza, alikubali travail, lakini alitaka ma tableaux yote ifanywe upya. Kumi na ine. Nilianza ile juma mbili ya mwisho. Copie ku clé USB ya yaya nilifanya mara moja tu, mwanzo. Kisha kila siku nilikuwa nasema nitafanya nikimaliza. Ninaandika hii juu nisijidanganye kesho: sikukuwa na sababu. Ilikuwa uvivu ya mutu mwenye haraka, yenye kufanana na kazi.

Ile juma ya dépôt sikukuwa nazima tena ku cinquante, na mashini ikaanza kupanda kweli. Asubui soixante-dix-huit. Quatre-vingts. Mercredi, siku mbili mbele ya dépôt, saa tatu hivi, nilikuwa mu tableau ya tisa, namba ikaonyesha quatre-vingt-onze, makumi kenda na moja, kisha écran yote nyeusi. Si tonton alizima. Yenyewe. Nilikaa na vidole ku clavier kama mutu mwenye kupiga piano ku matanga.

Tonton hakunicheka. Ningependa anicheke, ningepata kitu ya kujibu. Alifungua kamba, akaleta na zile feuille za zamani, akazipanga zote ku meza.

"Angalia siku ya Mungu."

Siku ya Mungu tunafunguaka kisha misa, kwa ajili ya ba invitation. Kila siku ya Mungu, point zilikuwa chini.

"Sasa angalia siku zingine. Saa kumi na mbili mpaka saa ine."

Zilipanda. Kila asubui, bila kukosa. Saa kumi zilishuka, lakini kila juma zilishuka kidogo kuliko juma yenye kupita. Miye ndiye nilitia zile point zote na mukono yangu, miezi mbili, na sikuona kitu, juu nilikuwa natia na hasira.

"Homa yenye kurudia saa ileile," tonton akasema, "unaacha homa, unatafuta mwenye kuileta." Akaenda ku dirisha, akatosha kichwa inje, akabaki pale kidogo. Kisha akaniita na kidole.

Chini ya dirisha yetu, mama ya mikate alikuwa anageuza mikate yake mu mafuta.

Mama huyu alikuja kutoka Basoko na bwana yake, na bateau, miezi saba nyuma. Anakaa parcelle ya upande, na alitia moto yake pale juu kuko kivuli na batu banapita. Anasikia Swahili kidogo, anajibu mu Lingala. Siye tunasikia Lingala, tunajibu mu Swahili. Mu Kisangani hakuna mwenye anaona hii kama kitu: kila mutu anasema yake na mikate inauzwa. Siku ya Mungu hakaange, anaenda kanisa.

Tulifungua ubavu ya mashini. Sikuwahi kuifungua tangu mwaka. Ventilateur ilikuwa imevaa. Siwezi kusema namna ingine. Unga ya ngano, mafuta, moshi ya makala, vumbi ya barabara, yote ilishikana kuwa ngozi, nzito kama kidole, ya rangi ya mukate yenyewe. Vipande vya radiateur, kile chuma chenye kutosha moto, kwa chini havikuonekana tena. Pale upepo ingepitia, hakukuwa tundu.

"Mashini yako imekula mikate miezi saba," tonton akasema. "Hata miye ningepata homa."

Akataka kusafisha palepale, na pamba na alcool, pole pole. Ilikuwa mercredi, na ma tableaux tano zilibaki. Nikamuambia hapana, tutasafisha kisha dépôt, leo na kesho napiga. Nilisema vibaya. Akarudisha feuille ku kamba.

Jeudi nikapiga na ubavu wazi, nikifikiri hewa itasaidia. Mama alikuwa anakaanga. Ilikuwa inazimika kila nusu saa, nawasha, inazimika. Karibu na midi tableau ya kumi na ine ikakwisha, nikaenregistrer, nikaichunga mu mashini, na mbele nitie clé, paf, nyeusi tena. Papier pia ilikwisha. Tonton alikuwa ku matanga ya jirani, yaya alikuwa ku faculté anangojea signature. Bon, nikasema, iache ipumuzike, nakimbia kutafuta papier. Ku mulango nikamuambia mama:

"Mama, unichungie nyumba, sitakawia. Mashini iko moto sana, inafaa kupola."

"Kopola?"

"Ndiyo mama, kupola. Muzuri muzuri."

"Malamu, mwana na ngai," akajibu: muzuri, mutoto yangu.

Nilipotea pengine nusu saa. Niliporudi mama alikuwa amesimama mu chumba yetu, mikono imekunjwa, mwenye furaha kama mutu amekuogeshea mutoto. Ku juu ya mashini kulikuwa essuie-main, taulo yake kubwa, yenye kulowana mpaka inavuja. Bassin ya maji ilikuwa chini. Maji ilikuwa inashuka ubavuni, mule mwenye niliacha wazi, tone kwa tone, juu ya vyuma vya ndani.

"Mama, umefanya nini?"

"Nasali ndenge olobaki. Epoli."

Maana yake, nilifanya vile ulisema. Imelowana.

Hapo njo nilisikia ile neno na sikio yake. Kwetu, kupola ni kuacha moto itoke, kama chai. Kwao, kopola ni kulowana. Na samaki ikikaa siku nyingi, banasema pia imepola, imeoza. Nimekaa Kisangani maisha yangu yote. Nasema zile luga mbili kila siku, mu phrase moja. Ile neno nilishaisikia mu kinywa zote mbili mara elfu, na sikuwahi kuzisimamisha upande kwa upande.

"Mama, nilisema kupola. Baridi. Malili."

Alifungua kinywa. Alitaka kucheka, akaona uso yangu, akaacha. "Yo moko olobaki kopola," akasema polepole, weye mwenyewe ulisema, na ilikuwa kweli.

Yaya aliingia wakati ileile, na page ya signature mu farde, jalada ya makaratasi, akilinda isikunjwe. Aliangalia essuie-main. Aliangalia bassin.

"Kuko copie?"

"Ya juma mbili nyuma."

"Na ma tableaux?"

Nilionyesha mashini na kidole. Yaya alikaa ku banc ya ba clients, na farde ku magoti.

Niliondosha essuie-main, nikafuta fasi mukono ilifika, na nikatia kidole ku bouton. Nilitaka kujua. Ilikuwa njia moja ya kujua, na ilikuwa chini ya kidole yangu. Sijawahi kutaka kitu kama vile.

"Ondosha mukono."

Ilikuwa tonton, na chemise yake nyeusi ya matanga. Alipita kati yetu, akatosha fil ya umeme ku ukuta. Mama alimufasiria mu Lingala, haraka, na kope chini. Tonton alisikia yote, na kitu moja tu alifanya: alimugusa mama ku bega. Kisha akaongea na yaya, si na miye.

"Ukiiwasha na maji ndani, inaweza kuungua sasa hivi, na travail yako ndani yake. Ukingoja ikauke mpaka kesho asubui, inaweza kuwaka, na inaweza kukataa, na midi itakukuta pale. Sina kitu ingine ya kukuambia."

"Tonton, kesho ni dépôt," nikasema.

"Najua kesho ni siku gani."

Yaya alifunga farde yake.

"Tungoje," akasema.

Nilikasirika naye. Mwaka ilikuwa yake, na Bafwasende ilikuwa yake, na yeye njo anasema tungoje, na miye njo mwenye haraka.

Tuliitosha inje, ku mukeka, mu jua. Tonton alileta pamba, alcool na pince. Alisafisha ventilateur bawa kwa bawa, kisha radiateur, vile banasafisha kidonda ya mutu mwenye anaogopa: anafuta, anatupa pamba, anachukua ingine. Nilishika kopo ya takataka. Hakusema "ningefanya hii jana." Nilimungojea aseme, mangaribi yote. Mama alizima moto yake mbele ya saa, akaja kukaa chini na ule upepeo wake wa kupulizia makala. Akapepea mashini. Mawingu yalipita, akapepea. Jua ilirudi, akapepea. Mutu mumoja alipita akauliza, "Mama, lelo mikate te? Leo hakuna?" Akajibu mikate iko mugonjwa.

Vendredi, siku ya dépôt, asubui nilisikia bassin zinagongana inje. Mama alikuwa anavusha moto yake ngambo ya barabara, karibu na ukuta ya pale, fasi jua inapiga na batu bachache banasimama. Hakuna mwenye alimuomba.

Courant ya umeme ilikuwako. Tonton alifunga ubavu na vis zake ine, akakaa ku kiti na feuille ku magoti. Yaya alisimama ku mulango, mugongo kwetu. Nikatia fil. Nikabonyeza.

Ventilateur ilizunguka, na sauti yake sikuitambua. Ilikuwa kama mutu anapumua. Écran ikawaka. Kitu ya kwanza nilifanya, mbele ya kupumua miye mwenyewe, nilitia clé na nikafanya copie. Kisha nikaangalia mu kona.

"Ngapi?" tonton akauliza.

"Trente-sept."

"Imepona," akasema.

Mu trente-sept mashini bado haijafanya kitu yoyote, imeamuka tu. Ningeweza kumuambia. Nilifungua tableau ya kwanza.

Kulikuwa ku renuméroter ma pages yote, kutia namba upya, na ku sawazisha ma tableaux. Quarante-quatre. Cinquante. Pale nilingojea. Vidole vilitumika, lakini sikio ilikuwa kwa tonton. Cinquante-trois. Cinquante-huit. Alisimama, akaja, akatia mugongo ya mukono ku ubavu. Nilisikia pumzi yake juu ya kichwa yangu. Akarudi kukaa. Soixante et un, makumi sita na moja, na pale ikabaki. Niliimprimer exemplaire ya kwanza ku imprimante ya kando, ikabaki. Ya pili, ya tatu, ikabaki.

"Haipande," akasema.

"Haipande, tonton."

"Na haizimike."

"Haizimike. Iko inatumika tu."

Nilisikia bic yake ku karatasi.

Yaya alipanda pikipiki saa tano na nusu, ma exemplaires tatu, zenye kufungwa tayari, mu sachet, sachet ndani ya pagne. Miye nililala na kichwa ku meza, kando ya clavier. Aliporudi alivua viatu kwanza, akanawa miguu, akakunywa maji. Nilitaka kumupiga.

"Bamepokea," akasema. "Secrétaire alikuwa anafunga registre." Kisha: "Mu remerciements, page ya kusema aksanti, umeandika tonton mara mbili."

Sikukumbuka kuifanya. Pengine nilichoka. Tonton alisema aache vile.

Lundi ya juma yenye kufuata alifunga feuille mupya ku écran. Ile mustari nyekundu yenye alikuwa anachora ku cinquante, sasa iko ku soixante-cinq, makumi sita na tano, na règle, na kando yake ameandika N, vile banaandikaka ku hôpital mutu akiwa normal.

"Kwa huyu mugonjwa," akasema. "Si kwa kila mutu."

Natia point mara ine kwa siku. Inanichosha vilevile. Kila kisha juma mbili naosha ventilateur na alcool, na mama, kutoka ngambo, akiniona na pamba mu mukono, anauliza na sauti ya juu mbele ya ba clients yake: "Epoli te?" Namujibu haijalowana, mama. Kisha narudi kupiga. Leo ni programme ya matanga, page mbili, banaitaka mbele ya midi.